Kutoka Viroba hadi Riesling: Ushuhuda wa Mtu wa Dutwa

Kwetu Dutwa mtu akisimama na kusema ana ushuhuda, watu hukaa vizuri kwenye benchi wakingoja kusikia ameokoka lini na nani alimwombea. Mimi ni mtoto wa kanisa la AIC, nimekua nikisikiliza shuhuda kila Jumapili, kwa hiyo utaratibu naujua: Bwana asifiwe, nilikuwa hivi, sasa niko hivi, mnikumbuke katika maombi. Wangu una kasoro moja tu, kwamba kilichonitoa kwenye viroba ni mvinyo. Tena si mvinyo wa wakubwa. Ni ule wa euro nne au tano, unaopangwa rafu za chini ambako inabidi uiname kuuchukua, katika mji wa Ujerumani ambao mwezi Desemba jua lake huzama saa kumi na dakika chache alasiri. Mama yangu haupendi ushuhuda huu mpaka leo. Ananisikiliza, halafu ananiuliza kama nimekula.

Nianze na nilikotoka. Kazi yangu ni kupanga madaraja ya pamba. Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, lakini pamba ilikuwa hapa kabla ya mkoa na kabla yangu. Msimu wa ununuzi hufunguliwa Mei. Kufikia Julai malori yanapishana barabara ya Bariadi kwenda Lamadi, vumbi jekundu limekaa kwenye majani ya miti na kwenye meno ya makuli, na pesa ya mwaka mzima inaingia kwa majuma machache. Ndiyo miezi ya kipupwe pia. Usiku unavaa koti. Baridi na pesa vikikutana kwa vijana waliochoka, jibu lilikuwa dukani kwa shilingi mia tano: kiroba.

Waliokuwa watoto wakati ule nawaeleza. Kiroba kilikuwa kifuko cha plastiki chenye pombe kali, unang'ata kona kwa jino, unaminya, unameza. Hukionji. Hakuna glasi, hakuna meza, hakuna hata haja ya kusimama. Mtu alimaliza viwili akiwa juu ya pikipiki inayotembea. Tulikuwa hatunywi ili kunywa, tulikunywa ili tufike, na kila mmoja alijua anafika wapi. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ikavipiga marufuku. Ilikuwa sahihi, na sijawahi kumsikia mke wa mtu akivililia. Lakini sisi wenyewe tulihamia chupa ndogo, na wenye mfuko mwepesi wakarudi kwenye gongo. Kifungashio kilibadilika, koo lilibaki lilelile.

Pamba ndiyo iliyonipeleka Bremen, mwishoni mwa 2018, kwa mafunzo ya upimaji. Ukiwa mtu wa pamba, Bremen si ngeni kwa jina. Soko lao la Pamba lilianzishwa mwaka 1872, na hadi leo mji ule ni mmoja wa mahakama za pamba duniani: muuzaji na mnunuzi wakigombania daraja la marobota, sampuli hupelekwa huko. Tulifundishwa kuisoma pamba kwa mashine, urefu wa nyuzi, nguvu yake, unene, rangi, takataka, na kisha kuirudia kwa mkono na jicho. Hiyo sehemu ya mkono nilikuwa nayo tayari. Ukikulia kwenye rundo la pamba mbegu uani kwa baba yako, vidole vinajua.

Karibu na stesheni kuu ya Bremen kuna tembo wa matofali mwenye urefu wa mita kumi hivi. Walimjenga kama ukumbusho wa makoloni yao, uliozinduliwa mwaka 1932, na Deutsch-Ostafrika, yaani sisi, ilikuwa ndani yake. Baadaye wenyeji wenyewe wakaugeuza kuwa ukumbusho wa kupinga ukoloni. Nilimpita tembo yule nikienda kununua mahitaji, baridi ikiwa imenishika masikio, na ninakiri nilichokuwa nakitafuta rafuni mwanzoni ni kitu kikali cha bei ndogo. Kipo. Vodka ya supamaketi ya Lidl haina tofauti kubwa na kiroba ila lebo.

Kilichonigeuza ni chakula cha jioni nyumbani kwa mama mwenye nyumba nilimopanga chumba. Majira ya baridi watu wa Bremen wana chakula chao, mboga fulani ya majani iliyojikunja kama sukuma wiki, hupikwa kwa saa nyingi na mafuta ya nguruwe mpaka inakuwa nyeusi, kisha wanaweka soseji nono juu. Ni chakula kizito, kinakulaza. Wenyewe kwa desturi hukisindikiza kwa bia na pombe kali ndogo ndogo. Yule mama yeye alileta chupa ya Riesling, mvinyo mweupe, akamimina kidogo sana, kiasi ambacho kwetu ungeuliza kama mwenye nyumba ameishiwa. Nikaonja. Mkali, kama umekasirika. Nikala soseji, nikaonja tena, na mvinyo ule ukawa kitu kingine kabisa: mafuta yameondoka kinywani, kinywa kinataka tonge jingine. Ndicho ndimu inachomfanyia sato wa kukaanga. Basi nikaelewa jambo ambalo kiroba hakikuwahi kunifundisha, kwamba kinywaji kinaweza kuwa sehemu ya chakula kama kachumbari.

Lakini hilo nalo silo lililonikosesha usingizi. Tulikuwa watu wanne mezani. Tulipomaliza, chupa ilikuwa na mvinyo bado, robo nzima. Yule mama akachukua kizibo, akakirudisha, akaiweka chupa kwenye friji pembeni ya maziwa. Hakuna aliyeifuata kwa macho ila mimi. Katika maisha yangu yote sikuwa nimeona pombe iliyofunguliwa ikalala salama ndani ya nyumba yenye watu wazima.

Toka siku ile nikawa mwanafunzi wa rafu za chini, na hapa ndipo wasomaji walio Ulaya, watoto wetu walioko vyuoni Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji, wanisikilize, maana baridi inakuja na posho ni ndogo. Kwanza mjue kwa nini mvinyo wa kule ni rahisi. Ujerumani haitozi ushuru wa pombe kwenye mvinyo wa kawaida. Unalipa VAT tu kama ya bidhaa nyingine nyingi. Inayotozwa ni ile yenye mapovu. Kodi hiyo iliwekwa mwaka 1902 na serikali ya Kaiza Wilhelm wa Pili ili kujenga manowari. Manowari nyingi zilizamishwa na mabaharia wake wenyewe huko Scapa Flow mwaka 1919, lakini kodi bado inalipwa, euro 1.02 kwa chupa. Ni Kaiza huyohuyo ambaye kilimo chake cha pamba cha lazima kule kusini kilisaidia kuwasha Maji Maji mwaka 1905. Kwa hiyo mimi mtu wa pamba niliyaacha mapovu rafuni bila majuto.

Kwa baridi, anza na nyekundu. Kuna ya Kijerumani inaitwa Dornfelder, nyeusi kama juisi ya zambarau, zabibu iliyochanganywa na mtaalamu wao mwaka 1955. Haina makuu, haikusumbui, chini ya euro tano unapata chupa ya kunywa na viazi na nyama. Ukitaka iliyopanda daraja kidogo, tafuta Côtes du Rhône ya Ufaransa. Nyingi zake zinatokana na Grenache na Syrah, zina joto fulani la pilipili manga, na kwa nyama ya ng'ombe iliyochemshwa polepole sijaona mpinzani wake kwa bei ile. Montepulciano d'Abruzzo ya Italia ni ya kila siku, inakwenda na chochote chenye nyanya. Kwa upande wa Hispania usikimbilie jina kubwa la Rioja. Angalia Garnacha ya Campo de Borja au Monastrell ya Jumilla, sehemu kavu zenye jua kali, ambazo mkulima wetu wa Meatu, huku huku Simiyu, angezitambua haraka. Na Ureno, jamani, Ureno ndiyo duka la maskini mwenye ladha. Nyekundu za Alentejo na za Dão zinauzwa kama zimesahauliwa.

Nyeupe nazo zisidharauliwe kwa sababu ni baridi nje. Riesling ya bonde la Mosel, inayolimwa kwenye miteremko ambayo mbuzi angefikiria mara mbili, ile ya daraja la Kabinett, mara nyingi ina kilevi cha asilimia nane hadi kumi tu. Kwa mtu anayetoka kwenye kitu cha asilimia 35 hii ni ngazi nzuri ya kushukia. Soma lebo: iliyoandikwa trocken ni kavu, iliyoandikwa lieblich ni tamu. Wengi wetu huanza na tamu kwa sababu tumezoea soda, na sioni ubaya wowote. Ila tamu inakuficha idadi ya glasi.

Kuna sehemu moja Bremen sitaisahau, nayo iko hatua chache kutoka Soko la Pamba, chini ya ukumbi wa mji. Ni ghala la mvinyo la halmashauri, Ratskeller, lipo tangu 1405. Humo huuzwa mvinyo wa Kijerumani peke yake, na wanalo pipa la mwaka 1653 kutoka Rüdesheim ambalo bado lina mvinyo ndani yake. Halmashauri, nasema! Nilifikiria halmashauri za kwetu zikikabidhiwa pipa, likabidhiwe kutoka mkurugenzi hadi mkurugenzi kwa zaidi ya miaka 360, na mkaguzi aje alikute limejaa. Nilicheka peke yangu hadi mhudumu akaja kuuliza kama nahitaji kitu. Nikaagiza glasi moja ya bei ya chini kwenye orodha nikakaa nayo mpaka walipoanza kufuta meza.

Halafu kuna ile ya moto. Kuanzia mwishoni mwa Novemba uwanja mbele ya ukumbi huo unajaa vibanda vya Krismasi, na kila baada ya vibanda vichache wanauza Glühwein, mvinyo mwekundu uliopashwa moto na mdalasini, maganda ya chungwa, sukari na karafuu. Unapewa kwenye kikombe cha kauri, unaacha amana, ukirudisha kikombe unarudishiwa pesa yako. Nilikwenda na rafiki, Mpemba aliyekuwa akifanya kazi bandarini Bremerhaven. Yeye hanywi pombe, dini yake haimruhusu, na hakunisumbua wala sikumsumbua. Akachukua ile ya watoto, juisi ya moto yenye viungo vilevile. Akapeleka pua kwenye kikombe. Akanyamaza kitambo.

"Yakhe," akasema, "karafuu hii imekaa ghalani mno. Na wameichemsha mpaka imetoa uchungu."

"Utajuaje, kwa kunusa tu?"

"Mimi nimepanda mikarafuu kabla sijajua kuandika. Hii si ya kwetu. Ya kwetu inakupiga hapa," akagusa katikati ya macho.

Akaanza kunieleza uchumaji wa Pemba, ngazi, kamba, majamvi ya kuanikia barabarani, na namna serikali ya Zanzibar inavyonunua zao lote kupitia shirika lake moja, huku Indonesia, inayolima nyingi kuliko wote, ikizisaga nyingi kwenye sigara. Nami nikamweleza pamba ya Simiyu. Watu wawili wa mazao mawili yaliyotengeneza utajiri wa wengine, tumesimama kwenye theluji iliyochanganyika na matope, kila mmoja na kikombe chake chenye umbo la buti jekundu. Tangu hapo Glühwein naipika mwenyewe, na ushauri wa Mpemba nimeushika: karafuu chache, nzima, zisikae muda mrefu. Tena usiache mvinyo uchemke. Kilevi huchemka kwenye nyuzijoto 78, viungo hutoa uchungu, na unachobaki nacho ni dawa ya kikohozi. Moto mdogo, mvuke ukianza tu, epua. Chagua chupa ya bei ya chini kabisa, maana viungo vitaimeza. Kuipasha moto chupa nzuri ni hasara.

Nilirudi Dutwa majira ya mvua, na swali likawa moja: nitakunywa nini huku? Mvinyo wa Ulaya ukifika Tanzania unakuta ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, na VAT ya asilimia 18, halafu nauli kutoka Dar es Salaam na faida ya kila aliyeugusa. Chupa ya euro nne inafika Mwanza ikiwa na bei ya mbuzi mdogo. Nilinunua moja, ikauma, nikaacha.

Jibu lilikuja lenyewe hadi mlangoni. Nanenane ya 2019 iliadhimishwa kitaifa hapa hapa kwetu, viwanja vya Nyakabindi, na katika kuzunguka mabanda nikakuta watu wa zabibu kutoka Dodoma. Wazee wa Bihawana huko wanakumbuka mizabibu ya wamisionari. Makutupora kuna kituo cha utafiti cha zao hilo. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, na nyeupe yao nyingi inatokana na Chenin Blanc, zabibu ya bonde la Loire kule Ufaransa. Syrah nayo ipo, ileile ya Rhône. Nikaonja nyekundu kavu. Yule kijana wa banda akanionya, "Kaka, hiyo kavu watu wa huku hawaipendi, chukua tamu." Nikamwambia animiminie kavu.

Nitasema ukweli wangu: haifikii Côtes du Rhône nzuri. Chupa na chupa zinapishana, moja imetulia, nyingine ina ukali wa haraka. Lakini kwa nyama ya mbuzi ya kuchoma na mboga ya nsansa iliyoungwa kwa karanga, Julai, nje, inatosha na inazidi. Bei yake kwangu ilikuwa karibu sawa na ile ya rafu za chini Bremen, na mvinyo wa zabibu zetu hutozwa ushuru mdogo kuliko wa nje, kwa hiyo ina nafasi. Nyeupe ya Chenin nimeinywa na sato wa Lamadi, na hapo sikukumbuka Ujerumani hata kidogo.

Jambo moja wauzaji wetu hawalisemi. Lebo zinaagiza nyekundu inywewe kwenye joto la chumba, na chumba kinachozungumzwa ni cha Ulaya, nyuzijoto 16 hadi 18. Si chumba chako cha bati mwezi Februari. Mvinyo uliokaa juu ya kabati chini ya bati umeshaharibika, na anayeuonja huondoka akisema mvinyo ni mchungu. Kipupwe ndicho kinachotupa chumba hicho bure, kwenye giza la saa mbili usiku. Kama siku bado ina joto, ilaze chupa kwenye ndoo ya maji ya mtungi wakati nyama ikiiva. Nyeupe ikae humo zaidi.

Kazini bado wananiita mzungu wa Riesling. Wawili kati yao wameanza kuchangia chupa, na mmoja ameniambia waziwazi kwamba hii ni njia ndefu mno ya kulewa. Yuko sahihi, ndiyo sifa yake. Mke wangu hunywa glasi moja, hubishana nami kuhusu chumvi, na asubuhi wote tunakumbuka tulichobishania. Mama yangu huja kula nasi siku za Jumapili, na siku hizo chupa haitoki. Anapika mlenda wake, tunakunywa chai ya tangawizi, na hilo halina mjadala.

Sasa neno kwenu. Kama hunywi, usianze kwa sababu yangu. Pombe haina deni nawe, na ikiwa inakushinda, mvinyo nao utakushinda, tafuta msaada wa daktari kabla ya ushauri wa mtu wa pamba. Kama unakunywa na msimu umekulipa, nunua nyekundu kavu ya Dodoma, chupa moja, watu wawili au zaidi, chakula kiwe kimeshaiva kabla ya kizibo kutoka. Na mwenye pikipiki aiache nyumbani, kwa sababu barabara ya Lamadi usiku haina taa.